Baba mtu anataka kujua bintiye anasoma nini, nami nimemwambia mtandao unasumbua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza. Nina stashahada ya TEHAMA, na huu ni mwaka wa pili niko kwa mkataba kwenye maktaba ya chuo kimoja huku kando ya ziwa. Chuo chenyewe nakiacha bila jina, utanielewa. Kwenye barua ya ajira imeandikwa kwamba nasimamia mifumo. Ukija ukaniona kazini, mimi ndiye fundi wa printa, wa waifai, na wa betri za kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Mwaka jana ndiye niliyesimika Koha, programu ya kuendesha maktaba, tukaachana na kadi za karatasi. Kazi hiyo niliifanya usiku na mchana na ninajivunia.

Nilipofika nilikuta kompyuta 14 za wanafunzi zinatumia akaunti moja na pasiwedi moja, imebandikwa ukutani. Mpaka leo iko pale. Mlangoni kuna daftari kubwa: jina, namba ya simu, namba ya NIDA, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Linashinda wazi kaunta. Kuna mwanafunzi mmoja aliwahi kunilalamikia kwamba kuna mwanaume anampigia usiku, na namba ameitoa kwenye daftari hilo. Nilimpa pole, sikujua niseme nini zaidi.

Kwenye Koha wafanyakazi watano tunaingia kwa akaunti moja, ile yenye ruhusa zote, kwa sababu mkuu wetu alisema pasiwedi nyingi zinachanganya watu.

Sasa Shangazi, wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, mfanyabiashara wa samaki, mtu anayeheshimika mjini. Baadhi ya kompyuta zetu ni msaada wake. Bintiye anasoma hapa, ana miaka 20. Mzee anataka orodha ya vitabu vyote alivyoazima huyo binti tangu ajiunge na chuo, na ikiwezekana kurasa alizofungua kwenye kompyuta. Hakufoka wala nini. Alisema, "Mwanangu, ada ninalipa mimi. Nataka nijue ninanunua nini." Mkuu wangu alikuwa amesimama pembeni, akaniambia, "Mtolee karatasi yake." Nikaganda. Kilichonitoka mdomoni ni, "Mtandao unasumbua, mzee wangu. Labda Ijumaa."

Haukuwa unasumbua.

Walipoondoka nilifungua rekodi ya yule binti. Sijui kwa nini. Nilijiambia naangalia kama kuna jambo la hatari. Nikaona *(hapa nimeondoa sentensi mbili, nitaeleza — Shangazi)*. Tangu siku hiyo akija kaunta siwezi kumtazama usoni. Yeye ananisalimia vilevile, "Dada mambo," na mimi najifanya niko bize na skrini.

Na kuna la pili. Kaka yangu yuko Dar, amenipatia nafasi kwenye kampuni ya simu, kitengo cha huduma kwa wateja. Mshahara unazidi wangu kwa mbali. Mama anasema maktaba ni kazi ya kufuta vumbi, kompyuta nilisomea ya nini? Nami naanza kuona kama ana haki.

Ijumaa inakuja. Nitoe karatasi? Nifute rekodi zote kabla hajafika, niseme zimepotea? Au nipande basi niende zangu Dar?

Ni mimi Mshika Funguo, Kirumba.

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na nilichokiondoa. Uliandika majina ya vitabu viwili, na chini yake ukaandika ulichodhani kuhusu yule binti baada ya kuviona. Nimeondoa vyote. Nimebadilisha pia mambo mawili madogo kwenye barua yako, utayaona mwenyewe, kwa sababu Mwanza tunajuana. Mtu wa soko la samaki la Mwaloni akishasoma "mfanyabiashara wa samaki" na "binti yuko chuoni" anaanza kuhesabu vidole. Barua yenyewe nimeichana.

Sasa jibu la Ijumaa. Karatasi usitoe. Na rekodi usifute.

La kwanza nadhani moyo wako unalijua tayari, ndiyo maana ulimi ulikimbilia kwenye mtandao. Yule binti ana miaka 20. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Huyu ni mtu mzima. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya faragha yake, na haikuongeza kwamba anayelipiwa ada amejitoa humo. Kisha tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa lugha ya sheria hiyo chuo chako ni mkusanyaji wa taarifa, na yule binti ndiye mhusika wa taarifa. Alizitoa ili aazime vitabu. Kuzipeleka kwa mtu mwingine kwa kusudi jingine kunahitaji ridhaa yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, na udadisi wa mzazi haumo. Anayeweza kuja kaunta na kuomba orodha ya vitabu alivyoazima binti huyo ni binti mwenyewe. Baba akitaka kuiona, amwombe mwanawe.

La pili linahitaji maelezo, maana nimeona jinsi linavyokuvutia. Kufuta kabla ya Ijumaa kungeonekana ni ushujaa. Lakini rekodi ikishaombwa, anayeifuta ili isipatikane ameharibu mali ya ofisi, na uongo wa kwanza anaufunika kwa uongo mkubwa zaidi. Mnaingia watano kwa akaunti moja, logi, yaani kumbukumbu ya nani amefanya nini kwenye mfumo, itaonyesha akaunti hiyo hiyo, na macho yote yatakugeukia wewe, kwa sababu ndiye pekee anayejulikana kwamba anaweza. Mkuu wako naye atapata sababu halali ya kukukasirikia, na habari ya binti itasahaulika. Rekodi za uazimaji zinapaswa kufutwa, hilo nakubaliana nawe kabisa. Ila zifutwe za wote, kwa utaratibu ulioandikwa na kutiwa saini, kwa tarehe inayojulikana. Kufuta ya mtu mmoja usiku wa Alhamisi si utaratibu.

Nikupe kisa cha kazi kabla hujazaliwa. Nilipoanza ukutubi, kila kitabu kilikuwa na kadi yake ndogo ndani ya mfuko uliogundishwa kwenye jalada. Msomaji alikuwa na tiketi zake, vijimfuko vidogo vya karatasi ngumu vyenye jina lake. Akiazima, tunachomoa kadi ya kitabu, tunaitumbukiza ndani ya tiketi yake, tunazipanga kwenye trei ya mbao kwa tarehe ya kurudisha. Akirudisha, kadi inarudi kitabuni na tiketi inarudi mkononi mwake. Vikishaachana, hakuna aliyeweza kusema nani alisoma nini, hata mimi niliyehudumu. Utaratibu huo unaitwa Browne, kwa jina la Nina Browne, mkutubi wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, na wakutubi wa Uingereza waliupenda sana. Mwezi ukiisha tulijua vitabu vingapi vimetoka. Waliovisoma walikuwa wamekwenda zao.

Baadaye nilihamia mahali palipotumia utaratibu wa aina nyingine, wa kuandika alama ya mwazimaji kwenye kadi ya kitabu, na kadi inabaki humo miaka na miaka. Hapo ndipo nilipomkuta kijana mmoja ameketi sakafuni katikati ya rafu, anachomoa kadi za vitabu moja baada ya nyingine. Nilidhani ni msomaji mwenye bidii. Alikuwa anamtafuta msichana. Alitaka kujua amesoma nini ili ajue aanze naye vipi. Sijawahi kuisahau picha ile, kwa sababu kijana hakuvunja kufuli lolote. Sisi ndio tulimwachia.

Kompyuta imeturudisha kwenye kadi ile ya pili, tena bila sisi kuamua. Trei ya mbao ilikuwa inasahau kwa asili yake. Kompyuta inakumbuka mpaka uiambie isahau. Na hapa mwanangu una bahati ya programu uliyoichagua. Koha ilitengenezwa New Zealand na kuanza kazi maktabani Januari 2000, jina lake kwa Kimaori ni zawadi, na waliokuja kuiendeleza waliliwaza jambo hili. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya faragha ya msomaji, yenye ngazi tatu: historia ihifadhiwe daima, ihifadhiwe kwa muda mliouweka nyinyi, au isihifadhiwe kabisa kitabu kikisharudi. Unaweza kumruhusu msomaji achague mwenyewe kwenye ukurasa wake. Unahitaji kuunda kwanza mwanachama mmoja asiye na jina, ambaye rekodi za zamani zitahamishiwa kwake, kisha upange kazi ya usiku inayofanya hivyo kila siku. Hesabu ya vitabu vilivyoazimwa inabaki, kwa hiyo ripoti za mkuu hazitapungua hata tarakimu moja.

Mkuu atakuuliza: akichana kurasa mtu, tutamjuaje? Swali zuri. Mwonyeshe kwamba Koha inaweza kumkumbuka mwazimaji wa mwisho peke yake, bila kubeba mnyororo wote wa waliotangulia. Kitabu kinakaguliwa kinaporudi, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwa kukipekua mbele ya msomaji.

Tahadhari moja ya kifundi, usije ukatangaza ushindi mapema. Kuhamisha historia ya uazimaji hakugusi kila kona. Kagua jedwali la takwimu, namba ya mwanachama inaweza kubaki humo. Kagua logi za mfumo. Na kagua nakala za akiba: kama kuna diski ya nje kwenye droo yenye hifadhidata nzima ya mwaka jana, hujafuta kitu, umehamisha tu.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako yote inamhusu mzee wa samaki, lakini lililonikaa kifuani ni lile ulilolipita kwa mistari miwili: mwanafunzi anayepigiwa simu usiku na mwanaume aliyeitoa namba kwenye daftari lenu. Mzee ameomba na hajapewa. Huyu ameshachukua, na kila siku daftari linalazwa pale wazi, mtu mwingine anaweza kuchukua. Hili halingoji Ijumaa wala kikao. Kesho asubuhi ligeuze, liwekwe nyuma ya kaunta. Kisha uliza kwa sauti ya kawaida kabisa: namba ya NIDA tunaiandika ya nini? Kama mlinzi anataka kujua kwamba mtu ni mwanafunzi, atazame kitambulisho, akirudishe. Kama ofisi inataka idadi ya wageni, mlinzi apige kistari kwa kila anayeingia. Sheria ile ya 2022 inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, na usikae nacho kupita muda wake. Namba ya NIDA ya mtu aliyekuja kusoma gazeti haihitajiki kwa lolote. Na yule mwanafunzi mtafute, umwombe radhi kwa niaba ya maktaba, umwambie mmebadilisha nini. Na kama mtu yule bado anampigia, mkumbushe kwamba anaweza kuripoti polisi.

Kompyuta zile 14 nazo nina hakika nikizifungua leo nitakuta vyeti vya watu. Nimezunguka vyuo na maktaba nyingi za kanda hii, kila nilipofungua folda ya vilivyopakuliwa nilikuta yale yale: vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, fomu za mkopo wa elimu ya juu, barua za maombi ya kazi serikalini, picha za pasipoti. Kijana anakuja kuomba mkopo, anapakia nyaraka zake, umeme unakatika au muda wake unaisha, anakimbilia daladala ya Igoma. Nyaraka zinabaki. Pasiwedi ya ukutani si tatizo lenyewe, maana kwenye kompyuta ya wote nenosiri la wote halifichi chochote. Tatizo ni kwamba alivyofungua mmoja havijifungi anapoinuka. Weka akaunti ya mgeni inayojifuta mtu akitoka, kivinjari kisikumbuke manenosiri, na kompyuta ijiwashe upya yenyewe ikikaa dakika kadhaa bila mtu. Zipo njia za bure za kufanya hivyo kwenye Linux na kwenye Windows, wewe ni fundi kuliko mimi. Kisha bandika ukutani, mahali pale ilipokuwa pasiwedi, maneno haya: TOKA KWENYE WHATSAPP NA BARUA PEPE YAKO KABLA HUJAINUKA.

Kwa hiyo baba akiulizia kurasa alizofungua bintiye, jibu la kweli litakuwa kwamba maktaba haina. Jibu hilo ni zuri kuliko "hatutoi", kwa sababu halimwachi mtu wa kubembelezwa. Mwaka 2005 kule Connecticut, Marekani, FBI, wapelelezi wa serikali ya huko, walidai kutoka kwa umoja wa maktaba taarifa za watu waliotumia kompyuta ndani ya dakika 45 za siku moja ya Februari, na wakawakataza wakutubi wasimwambie mtu yeyote kwamba wamedaiwa. Wakutubi wanne walikataa, wakaenda mahakamani, wakakaa karibu mwaka mzima bila ruhusa ya kulisema hata nyumbani kwao, na mwaka 2006 serikali ikaachia. Nawaheshimu sana watu wale. Lakini kila ninapokumbuka kisa hicho nawaza pia kwamba kisichohifadhiwa hakihitaji shujaa wa kukilinda.

Na kwa kuwa nimetaja polisi: siku wakija kwenu, usibishane nao kaunta na usiwape kitu kaunta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imeweka njia ya kudai taarifa kwa ajili ya upelelezi, kwa amri ya mkuu wa kituo au afisa wa ngazi hiyo. Wapokee kwa heshima, omba amri, wapeleke kwa mkuu wa chuo na mwanasheria wake. Wao ndio wa kujibu.

Kwenye Koha, kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Anayehudumia kaunta anahitaji ruhusa ya kuazimisha na kupokea vitabu, basi. Ruhusa ile kubwa ibaki kwa watu wawili, wewe na mmoja mwingine, ili ukiugua malaria maktaba isifungwe. Kuhusu "pasiwedi nyingi zinachanganya", mkuu wako ana hoja, na nusu ya kosa ni letu watu wa mifumo tuliowalazimisha watu kubadilisha nywila kila mwezi mpaka wakaanza kuziandika kwenye kalenda. Hata taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na ushauri huo mwaka 2017. Nywila moja ndefu, ya maneno manne matano yasiyohusiana, anayoikumbuka kwa Kisukuma au Kikerewe akipenda, aibadilishe tu pale panapokuwa na sababu.

Haya. Tuje kwenye lile ulilolifanya walipoondoka.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na mimi sitakuambia kwamba ni jambo dogo. Ulichomkatalia baba yake ulijipa wewe. Ulijiambia unatafuta hatari, na huenda uliamini hivyo kwa sekunde mbili. Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika maktaba ile kata ni wewe: kila siku utazama ndani ya mtungi kwa ajili ya kazi, na kila siku utakuwa na nafasi ya kuonja. Kila mtu aliyewahi kushika funguo hizi ameshawishika, nami nimo. Tofauti kati ya mtu wa kazi hii na asiye wa kazi hii ni kwamba wa kwanza anajiwekea kizuizi kabla ya kishawishi. Akaunti za mtu mmoja mmoja, pamoja na logi inayoonyesha nani amefanya nini, zitakulinda na mkono wako mwenyewe. Ulichokiona usikitumie, usikitafsiri, usimshauri binti kwa mafumbo, usimwombee kwa sauti. Mtu anasoma kitabu kwa sababu elfu: kazi ya darasa, rafiki yake, hofu ya usiku mmoja, au kwa kuwa jalada lilimvutia. Wewe ulitunga sababu moja kwa dakika tatu, na kwenye barua uliniandikia kana kwamba umeithibitisha.

Je, umwambie yule binti? Nimelifikiria kuliko yote. Naona anapaswa kujua kwamba kuna mtu aliomba taarifa zake na hakupewa, kwa sababu taarifa ni zake na baba huenda akajaribu mlango mwingine. Lakini usimwambie wewe peke yako pembeni ya jengo, ikawa siri yenu wawili dhidi ya mzee wake na dhidi ya mkuu wako. Amwambie mkuu wa maktaba, ofisini, nawe ukiwepo.

Kwa hiyo yote yanapitia kwa mkuu, na huko ndiko unakokuogopa. Nenda kesho kabla hawajaanza kuingia wasomaji, mpelekee na chai kama mmezoeana hivyo. Mkiri kwanza uongo wako, kwamba mtandao ulikuwa mzima. Kisha mwambie: "Mkuu, orodha ile ikitoka, ni chuo kitakachoulizwa, si mimi. Sheria inataka chuo kiwe kimesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kiwe na afisa anayehusika nazo. Naomba tumuulize mwanasheria wa chuo kabla ya Ijumaa." Akisisitiza utoe, muombe kwa adabu akupe agizo hilo kwa maandishi. Nimeona wakubwa wengi wakisoma upya maneno yao wenyewe pale wanapotakiwa kuyatia saini. Akiandika kweli, peleka karatasi hiyo kwa mkuu wa chuo kabla ya kufanya lolote, na ubaki na nakala. Tume nayo hupokea malalamiko, ila sidhani utafika huko. Mkuu wako hakuniingia kama mtu mbaya. Ni mtu aliyeomba kompyuta kwa miaka, akazipata, na sasa anaogopa kuzipoteza.

Mzee mwenyewe akija Ijumaa, mkuu ndiye azungumze. Lakini ikitokea ukabaki nawe peke yako kaunta, maneno ni haya, yaseme umesimama: "Shikamoo baba. Siku ile nilikuambia mtandao unasumbua, haukuwa unasumbua, naomba radhi. Ukweli ni kwamba orodha ya vitabu vya msomaji hatumpi mtu mwingine, hata wewe ungekuwa msomaji wetu tusingempa mwanao yako. Ukitaka kujua anasoma nini, muulize yeye, atafurahi umeuliza." Usimtishe kwa vifungu. Baba anayekuja mwenyewe chuoni kuuliza habari za mwanawe ana hofu fulani, na hofu hiyo ni halali hata kama njia yake siyo. Mtembeze kwenye rafu. Mwonyeshe kompyuta zake na vijana waliokaa mbele yake. Hilo anastahili kuliona.

Kuhusu Dar sitakuhubiria. Mshahara ni mshahara, kodi ya Kirumba unailipa wewe. Nataka tu usiende kwa sababu isiyokuwepo. Kama unamkimbia mzee na rekodi ya yule binti, fahamu kwamba kwenye kiti cha huduma kwa wateja cha kampuni ya simu utafunguliwa skrini yenye nani amempigia nani na nani amemtumia nani pesa saa nane za usiku. Mtungi mkubwa zaidi, kata ile ile.

Na mama mwambie kwa upole kwamba Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na hakuwa anafungua ghala la vumbi. Wewe una TEHAMA, ongezea ukutubi. Chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kipo Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za juu za masomo ya taarifa. Wakati unatafuta ada, jifunze kuandika ripoti za Koha kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, jifunze MARC 21, muundo wa kuandika taarifa za vitabu kwenye katalogi, mpaka uisome kama barua, na simika DSpace kwenye kompyuta ya zamani ujaribu, kwa sababu vyuo vingi vinahifadhi tasnifu zake humo. Mtu anayejua mfumo ni wengi, anayejua katalogi ni wengi, anayejua vyote viwili wanamgombania, kuanzia vyuo vya Malimbe na Bugando hapo hapo Mwanza mpaka vya Morogoro. Fuatilia mikutano ya COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti, huko ndiko watu wa kazi yako wanakokutana. Na sheria ya 2022 imefungua nafasi ambayo haikuwepo ulipokuwa chuoni: kila taasisi inayokusanya taarifa inahitaji mtu wa kuzilinda. Ukimaliza mwaka huu ukiwa umeandika sera ya faragha ya maktaba moja, ukaitekeleza na ukaweza kuieleza, una kitu cha kuweka mezani kwenye usaili wowote, hata huo wa kampuni ya simu.

Muombe kaka akuombee mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo utaona kama mkuu wako ni mtu wa kufanya naye kazi. Akikataa yote, hata kugeuza daftari, panda basi na baraka zangu.

Ila kesho fika saa moja, daftari kwanza. Na yule binti akija akakuambia "Dada mambo", inua uso umjibu.

Shangazi